Kura sita, na kazi inayobaki baada yake

Kila Mkenya aliyeingia katika kituo cha kupigia kura tarehe 9 Agosti 2022 alikabidhiwa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa kike wa kaunti na ya mwakilishi wadi. Mazungumzo yaliyotangulia siku hiyo, hata hivyo, na yale yaliyofuata hadi Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi wake tarehe 5 Septemba, yalihusu karatasi moja tu, ile ya rais. Ninaishi katika wadi ya mashambani, na majirani zangu ni watu wanaofuatilia habari kwa makini: wanajua waziri yupi amefutwa kazi, chama kipi kimeungana na kipi, na nani hasalimiani na nani tena huko Nairobi. Ukiwauliza zahanati yetu ilitengewa shilingi ngapi katika mwaka huu wa fedha, wengi wananyamaza. Kwa maoni yangu, kimya hicho ndicho kinachoamua zaidi jinsi tunavyotawaliwa, na ndicho ninachotaka kukizungumzia.

Katiba tuliyoipitisha kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kuizindua tarehe 27 mwezi huohuo iliunda serikali za kaunti 47 na kuzigawia kazi zake katika Jedwali la Nne. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ni za kaunti. Maji, masoko, leseni za biashara, barabara za kaunti, huduma za kilimo, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti. Serikali ya kitaifa ilibaki na usalama, mambo ya nje, shule za msingi na za sekondari, vyuo vikuu, hospitali kuu za rufaa za kitaifa na sera ya uchumi. Mgawanyo huu si siri na si mgumu kuuelewa. Nenda mazishini, lakini, ambako siku hizi ndiko wanasiasa wetu wanakopatikana kwa urahisi zaidi kuliko ofisini, usikilize wananchi wanavyowasilisha shida zao. Mbunge anaulizwa kwa nini zahanati haina dawa. Mwakilishi wadi anaombwa karo ya sekondari. Seneta anaelezwa habari za daraja lililosombwa na mvua. Na mheshimiwa, yeyote awaye, anaitikia kwa kichwa na kuahidi kulishughulikia jambo hilo, kwa sababu akisema kwamba halimo katika mamlaka yake ataonekana mvivu, naye mwenzake atakayesimama baada yake ataahidi kulitimiza na kupigiwa makofi.

Mkanganyiko huu unawafaa viongozi kuliko unavyotufaa sisi. Ambapo kila mtu anaahidi kila kitu, hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kushindwa na kitu mahususi. Gavana husema Nairobi imechelewesha fedha, na mara nyingi ni kweli, kwa maana mgao wa kaunti umekuwa ukichelewa kwa miezi kadhaa na wahudumu wa afya wamegoma kwa sababu hiyo. Mbunge naye husema ugatuzi, yaani kuhamishia madaraka na fedha kwenye kaunti, umeharibiwa na magavana, na pengine hilo nalo ni kweli. Mwananchi anayesikiliza pande zote mbili bila kuwa na karatasi mkononi hana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo linahusu zahanati yake.

Mfano ulio wazi kabisa ni mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge, ambao watu wote huuita CDF. Ulianzishwa mwaka 2003, miaka kumi kabla ya serikali za kaunti kuanza kazi, na kwa familia nyingi ndio uso pekee wa serikali unaojulikana, kwa kuwa ndio uliojenga darasa, ndio uliotoa basari, na jina la mbunge limechorwa ukutani kwa rangi kubwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo ya 2013 ilikiuka katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria iliyochukua nafasi yake. Hoja ya msingi katika kesi hizo ni kwamba kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kuisimamia serikali, na mtu anayesimamia matumizi hawezi wakati huohuo kuwa mmoja wa wanaotumia. Wabunge walijibu kwa kuanzisha juhudi za kuuingiza mfuko huo ndani ya katiba yenyewe. Mimi nakubaliana na mahakama. Lakini nimekaa na mama ambaye binti yake yuko kidato cha tatu kwa sababu ya basari hiyo, na sikuthubutu kumweleza habari za mgawanyo wa madaraka kabla sijawa na jibu la swali lake la kwanza, yaani, karo ya muhula ujao itatoka wapi. Anayetaka mfuko huo uondolewe, nikiwemo mimi, anapaswa kueleza kwa undani uleule ni ofisi ipi itakayotoa basari hizo, kwa fomu ipi, na ni nani atakayehakikisha kwamba mtoto asiyejuana na mtu yeyote atazipata.

Mvutano wa namna hiyo umeonekana pia katika barabara, pale wabunge na magavana walipogombania shilingi bilioni 10.5 za ushuru wa matengenezo ya barabara unaokatwa katika kila lita ya mafuta. Huku kwetu, barabara ile ile ilikuwa na mashimo yale yale kabla ya mvutano na baada yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo linaniuma zaidi, nalo ni ushirikishaji wa umma. Kifungu cha 10 cha katiba kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya kitaifa. Cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi, cha 196 kinaliwekea bunge la kaunti wajibu uleule, na cha 201 kinauhusisha moja kwa moja na fedha za umma. Si nchi nyingi zilizoandika jambo hili mara nyingi namna hiyo katika sheria yao kuu. Nimehudhuria vikao vya bajeti katika wadi yetu mara nyingi kiasi cha kufahamu mpangilio wake. Tangazo hutolewa siku chache kabla, aghalabu kupitia kikundi cha WhatsApp cha wazee wa mtaa, ambacho wajane na vijana wasio na simu za kisasa hawamo. Viti vya plastiki hupangwa chini ya hema au katika ukumbi wa kanisa. Daftari la mahudhurio hupitishwa mapema kabisa, kila mtu akaandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, na kuna wanaoamini, kwa sababu iliwahi kutokea hivyo, kwamba walioandikwa watapewa nauli. Afisa kutoka makao makuu ya kaunti husoma kutoka kwenye karatasi ambayo yeye peke yake anayo. Kisha watu huombwa maoni, na maoni yanayotolewa, nasema kwa huzuni, huwa ni orodha ya mahitaji: tunataka maji, tunataka taa za barabarani, tunataka uwanja. Afisa huandika. Kikao hufungwa kwa sala.

Katika kikao kimoja, mama mmoja mzee aliinua mkono akiwa ameketi na kuuliza kuhusu wodi ya kujifungulia katika zahanati yetu. Hakusema tunataka wodi. Alisema kwamba wodi hiyo ilisomwa katika kikao cha mwaka uliopita, ikasomwa tena siku hiyo kana kwamba ni mpya, na alitaka kujua fedha za kwanza zilikwenda wapi. Afisa alimjibu kwa adabu, “Mama, tumelichukua hilo.” Mama hakushusha mkono. “Mwanangu,” alisema, “nisomee ulivyoliandika.” Ikabainika kwamba kilichoandikwa ni maneno matatu: wodi ya kujifungulia. Akamwomba afute, aandike upya: kwamba wakazi wanauliza fedha zilizotengwa mwaka uliopita kwa ajili ya wodi ya kujifungulia zilitumika vipi, na wanaomba jibu la maandishi liletwe kwa msimamizi wa wadi. Afisa aliandika yote hayo, akayasoma kwa sauti, watu wakapiga makofi. Jibu lilichukua muda mrefu kufika, na lilipofika lilisema kwamba mradi huo ulikuwa umehamishiwa mwaka uliofuata kwa sababu fedha hazikutolewa zote. Halikuwa jibu la kufurahisha, lakini kwa mara ya kwanza tulikuwa na karatasi yenye muhuri ambayo tungeweza kuirejelea, na mwaka uliofuata hakuna aliyethubutu kuusoma mradi ule kana kwamba haujawahi kutajwa.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu linaonyesha tofauti kati ya kutoa maoni na kudai maelezo. Hata mahakama zetu zimelitafakari jambo hili. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, na mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba Bunge halikuwaeleza wananchi kwa nini lilikubali au kukataa maoni yao. Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. Uamuzi wa mwisho lazima uheshimiwe, lakini kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema, fikra ya Mahakama ya Rufani ndiyo iliyogusa kidonda. Watu hawachoki kusema. Wanachoka kusema bila kujua kilichofanyiwa maneno yao, na baada ya vikao viwili au vitatu vya namna hiyo hubaki nyumbani, kisha viongozi husema kwamba wananchi hawapendi kushiriki.

Kuna pia suala la wakati, ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka kalenda inayofuatwa kila mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata unapaswa kufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mkakati wa fedha, ambao ndio unaoamua kila idara itapata kiasi gani kwa jumla, unafikishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti yenyewe yanafikishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na kila kitu kinapaswa kuwa kimepitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai. Watu wengi katika wadi yetu huitwa na kujitokeza mwezi wa Mei, wakati makadirio yamekwisha kuandaliwa na viwango vya idara vimekwisha kuwekwa. Kufika wakati huo kuomba mradi mpya ni sawa na kuingia jikoni kuchagua mboga ilhali chakula kimeshapakuliwa. Mlango wa kuingiza mradi uko wazi mwezi wa Agosti, wakati mpango wa mwaka unapoandikwa, na mlango wa kubishania kama afya ipate zaidi au ukarabati wa ofisi upate zaidi uko wazi Januari na Februari. Miezi hiyo vikao huwa na watu wachache sana, na wachache hao mara nyingi ni wanakandarasi na wapambe wa wanasiasa, ambao wanaifahamu kalenda hii vizuri kuliko sisi.

Lugha nayo imewafungia wengi nje. Kifungu cha 7 cha katiba kinasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Bado sijawahi kukabidhiwa makadirio ya bajeti ya kaunti yetu yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Kitabu chenyewe kina mamia ya kurasa za majedwali, na hata msomi wa chuo kikuu huhitaji muda kutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi ya maendeleo. Sidai kila ukurasa utafsiriwe. Nadai kurasa mbili kwa kila wadi, kwa Kiswahili sanifu, zikitaja mradi, mahali, kiasi na mwaka ulioanza, zibandikwe ukutani kwa chifu, kwenye zahanati na sokoni majuma mawili kabla ya kikao. Kaunti inayoweza kuchapisha mabango ya picha ya gavana wake haiwezi kusema imekosa uwezo wa kuchapisha kurasa mbili.

Mwaka 2024 vijana wa nchi hii walituonyesha kwamba kusoma miswada si kazi ya mawakili peke yao. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipotolewa, wakiwa hawana chama wala kiongozi mmoja, waliugawana vifungu, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa lugha za kwetu na kwa lugha ya ishara, na kwa muda mfupi akina mama wa sokoni walikuwa wakijadili pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16 na lile la kutoza magari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na kesho yake rais akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya vijana waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Siwezi kuandika juu ya ushiriki wa raia katika nchi hii nikapita juu ya vifo vyao haraka, na sikubaliani na yeyote anayesema walikuwa wakicheza kwenye mitandao. Walifanya kazi ambayo Bunge lilipaswa kuifanya pamoja nao miezi miwili mapema.

Ninachowaomba vijana hao, na nawaomba kwa heshima, ni kuuelekeza usomaji uleule kwenye kaunti. Kila kaunti nayo hutunga Sheria yake ya Fedha kila mwaka. Ndiyo inayoamua mama wa nyanya atalipa nini kila asubuhi kabla hajauza hata fungu moja, kinyozi atalipia leseni kiasi gani, na mwenye bodaboda atatozwa nini akiegesha mjini. Sheria hizo hupita bila mtu kuzitazama, ingawa athari zake huonekana mara moja. Wakati mmoja ziliwahi kutazamwa kwa makini, huko Kiambu, ambapo wananchi walikwenda mahakamani kuipinga Sheria ya Fedha ya kaunti hiyo ya 2013, na mwezi wa Aprili 2014 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba haitoshi kuweka tangazo gazetini. Makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za kienyeji ni njia zinazopaswa kutumiwa. Uamuzi huo una zaidi ya miaka kumi sasa, na bado kuna kaunti zinazotangaza vikao kwa ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza lisilofika vijijini.

Fedha zenyewe si kidogo. Katiba inasema kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kutegemea hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 mgao wao wa pamoja uliwekwa kuwa shilingi bilioni 415. Hapo ndipo siasa za taifa na za wadi zinapokutana kweli, kwa sababu kiasi hicho hujadiliwa kati ya Seneti na Bunge la Taifa kila mwaka, na seneta aliyepewa kura yetu kwa ajili ya kuitetea kaunti ndiye anayepaswa kuulizwa alipiga kura upande gani. Sijawahi kusikia seneta akiulizwa hivyo mazishini.

Zana za kufuatilia zipo, na nyingine ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mdhibiti wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kila kaunti kwa vipindi katika mwaka, na humo utaona kiasi kilichotumiwa kwa safari za waheshimiwa kando ya kiasi kilichotumiwa kwa maendeleo. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchapisha ripoti ya kila kaunti, akitaja miradi iliyolipiwa na haikukamilika, wakati mwingine kwa jina la kijiji. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa raia yeyote haki ya kuomba nyaraka kutoka kwa ofisi ya umma bila kulazimika kueleza sababu, na ofisi hiyo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikikataa, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya ukurasa mmoja inatosha. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu mkazi kuliwasilishia bunge la kaunti ombi la maandishi kuhusu jambo lolote lililo katika mamlaka ya kaunti. Njia moja tu ndiyo iliyozibwa kwa sasa: Kifungu cha 104 kinawapa wapiga kura haki ya kumwondoa mbunge au seneta kabla ya muhula wake kwisha, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoweka masharti ya kufanya hivyo, na wabunge hawajaonyesha haraka ya kuandika vingine.

Kinachowazuia watu kuzitumia zana hizi mara nyingi ni woga, na si haki kuwabeza wanaoogopa. Mtu akiuliza swali gumu hadharani, jioni hupigiwa simu na kuulizwa ametumwa na nani. Anaambiwa kwamba yeye ni wa mpinzani aliyeshindwa. Anakumbushwa, kwa upole, kwamba mwanawe ameomba basari au kwamba nduguye anafanya kibarua cha kaunti. Katika kijiji ambamo mwakilishi wadi anamjua kila mtu kwa jina la babu yake, kuuliza kuna gharama ambayo wakazi wa mijini hawaioni. Njia iliyotusaidia sisi ni kuuliza kwa pamoja: barua husainiwa na kikundi cha akina mama cha kuweka akiba, na chama cha wakulima, na kamati ya zahanati, na mhuri wa kanisa au msikiti ukipatikana huwekwa pia, ili asiwepo mtu mmoja wa kupigiwa simu. Saa ya kikao nayo tumeipigania. Kikao cha saa nne asubuhi siku ya soko huwaondoa wanawake wote, na bajeti inayozungumzwa bila wao huwa na viwanja vingi vya michezo na visima vichache.

Nalazimika pia kutaja walioacha kupiga kura kabisa. Mwaka 2022 waliojiandikisha walizidi milioni 22, lakini waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, ilhali mwaka 2017 katika uchaguzi wa Agosti walikuwa wanakaribia asilimia 80. Nimewasikia vijana wa hapa wakisema kwamba rais yeyote ni yule yule. Hata kama ningekubaliana nao kuhusu rais, nawauliza kuhusu mwakilishi wadi. Wadi ziko 1,450 nchini, na katika wadi ndogo kura mia moja au mia mbili zinaweza kumwamua mtu atakayekaa kwenye kamati ya bajeti ya kaunti. Hakuna karatasi nyingine kati ya zile sita ambayo kijana mmoja na rafiki zake wana nguvu kubwa kiasi hicho juu yake, na hakuna inayopigwa kwa kubahatisha kama hiyo, kwa kufuata rangi ya chama cha mgombea urais aliye juu ya orodha.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa kila kaunti unaotumika sasa unaishia mwaka huohuo, na magavana watakaoapishwa watalazimika kuandika mwingine wa 2028 hadi 2032 katika miezi ya kwanza ya utawala wao, wakati wapiga kura wamechoka na siasa, wengine wakiwa bado wanasherehekea na wengine wakiomboleza matokeo ya urais. Mradi usiotajwa katika mpango huo huwa vigumu sana kuupatia fedha kwa miaka mitano inayofuata. Katika wadi yetu tumeanza kuandika orodha yetu sasa, kijiji kwa kijiji, tukitaja kila mradi, mahali utakapokaa na ardhi itakayotumika, na kila mgombea wa uwakilishi wadi atakayekuja kuomba kura ataombwa asome orodha hiyo mbele ya watu, aseme ni yapi kati ya hayo yamo katika mamlaka ya kaunti na yapi hayamo, kisha aitie sahihi. Wodi ya kujifungulia iko juu ya orodha.